Mama Anakufa Ubeti wa Tatu

Kule milimani Kentucky kila mtu anajua kwamba wimbo wa kantri ukifika ubeti wa tatu lazima kitu kife. Akipona mama, atakufa mbwa. Akipona mbwa, basi ile pikapu ya marehemu baba itazimika njiani isiwake tena. Oleta Napier alilijua hilo kuliko wengi, ndiyo maana hakukasirika siku ile ya kwanza aliposikia redioni kwamba yeye mwenyewe ameshakufa.

"Kaniua huyu!" alisema, akacheka mpaka kicheko kikageuka kikohozi. "Kaniua mzimamzima ili apate vina!"

Tangu siku hiyo, wimbo ule ukipigwa, Oleta alisikiliza beti mbili za kwanza huku akitikisa kichwa kwa raha, halafu akanyoosha mkono na kuzima redio kabla wa tatu haujaanza. "Hizo mbili ni zangu," alimwambia binti yake Treva. "Huo mwingine ni wa biashara."

Wimbo wenyewe uliitwa "Sahani Iliyofunikwa". Aliyeutunga na kuuimba ni Garlan Stidham, ambaye siku hizi picha yake hubandikwa kwenye mabasi, lakini zamani alikuwa kijana mwembamba wa bonde lao, mwenye jino la mbele lililomeguka. Alipokuwa na miaka kumi na sita mama yake mzazi alihamia Florida na fundi mmoja wa mabwawa ya kuogelea. Akamwachia mwanawe gitaa na kopo la kahawa lisilo na kahawa. Oleta akaenda kumchukua na viatu vyake, akampa chumba cha nyuma, na Garlan akakaa humo hadi alipopanda basi la kwenda Nashville, mji wa wanamuziki wa kantri, akiwa na ndevu.

Miaka hiyo yote Oleta hakulala hata siku moja bila kumwachia chakula juu ya jiko: maharage, mkate wa mahindi, kipande cha kuku, vyote vimefunikwa kwa kitambaa cha miraba ya buluu, kwa sababu Garlan alirudi nyumbani saa anazozijua yeye na gitaa lake. Hayo yote yamo wimboni. Jiko limo, kitambaa kimo, taa ya barazani imo, hata ile sauti ya Oleta kutoka chumbani, "Futa miguu!", nayo imo. Ambacho hakimo ni kwamba paja la kuku lililokuwa chini ya kile kitambaa lilikuwa la Treva.

Treva hakuwahi kulisema. Sasa alikuwa mwanamke mzima, mpishi wa shule, ameolewa akaachika, amerudi kuishi na mama yake, na bado akiona paja la kuku alimkumbuka Garlan.

Basi mwaka huo ikatangazwa kwamba Garlan ataimba mjini Lexington, Jumapili ya Siku ya Mama, onyesho la alasiri. Oleta akaiweka chini mashine yake ya kupumulia (mapafu yake yalikuwa yamemchoka, baada ya sigara alizoziacha mara nyingi kuliko alivyoziwasha) akasema, "Nipeleke."

"Mama, hata ngazi za kanisani zinakushinda."

"Kanisani hawatanitaja. Huko nitatajwa."

Treva alimwelewa. Watunzi wa kantri hawaimbi tu kama kasuku. Katikati ya onyesho mwimbaji husimama, akakaza nyuzi za gitaa, akawaambia watu wimbo huu ulitoka wapi, nani alisema neno gani, jikoni kwa nani. Ile hadithi ndiyo cheti cha kuzaliwa cha wimbo. Redio huikata, haina nafasi. Kwa hiyo Oleta alikuwa hajawahi kuisikia, na kwa miaka yote wimbo ulipokuwa ukivuma, aliwaambia wanawake wa kanisani, na msusi wake, na muuguzi anayekuja kumpima, "Ngojeni aje karibu. Kwa mdomo wake atasema ni mimi." Wakamwitikia vile watu wanavyomwitikia mgonjwa.

Tangu Garlan atajirike, kilichofika nyumbani kwao ni paja la nguruwe kwa posta kila Krismasi, na kadi yenye salamu zilizopigwa chapa. Simu, hakuna. Treva alikuwa na maoni yake kuhusu hilo paja la nguruwe, lakini akayameza, akanunua tiketi za mbele kabisa, akampakia mama yake, kiti cha magurudumu na mtungi wa oksijeni, wakashuka milima.

Oleta alikuwa amevaa gauni lake la Pasaka na rangi ya mdomo aliyoipaka bila kioo, ikavuka mpaka kidogo upande wa kushoto. Kwenye mkoba alikuwa na kile kitambaa cha miraba ya buluu, kimefuliwa na kupigwa pasi.

"Cha nini hicho?" Treva aliuliza.

"Akiniita jukwaani nitakuwa mikono mitupu?"

Mlangoni palikuwa na ndoo mbili za maua, maana Siku ya Mama kwao hakuna anayetoka bila ua kifuani: jekundu kama mama yako yu hai, jeupe kama amekufa. Mzee mmoja mwenye kofia alikuwa akigawa.

"Mama yupo au ametangulia?" aliuliza, kama anayeuliza chai au kahawa.

"Yupo," Treva alisema. "Ndiye huyu, na tangu asubuhi ananifundisha kuendesha gari."

"Basi jekundu. Na wewe, bibi?"

"Wangu yuko juu ya kilima zamani sana. Nipe jeupe. Na uangalie pini yako, pumzi niliyo nayo ni hii hii, usije ukanitoboa."

Mzee akacheka, akampachika taratibu. Wakaingia.

Kwenye kiti cha jirani alikuwa mwanamke mnene mchangamfu kutoka Ohio, aliyejitambulisha kwa jina la Bettina kabla hata hawajakaa vizuri. Alikuwa na ua jeupe na pakiti kubwa ya karatasi za kufutia machozi. "Nimejiandaa," alisema. "Kila nikimwona Garlan namaliza pakiti. Ile 'Sahani Iliyofunikwa' ndiyo hunimaliza kabisa."

Oleta akainama upande wake kama anayetoa siri ya taifa. "Sahani ile ni yangu."

"Bibi eeh!"

"Ni yangu na jiko ni langu. Alikaa kwangu huyu. Subiri utasikia mwenyewe."

Bettina akamtazama Treva, macho yakiuliza kama bibi yuko sawa. Treva akatazama taa za juu. Alitaka kusema ni kweli, lakini alitaka zaidi Garlan aseme.

Garlan akatoka. Ukumbi ukapasuka kwa vifijo. Alikuwa amenenepa shingo, lile jino limetengenezwa, na koti lake lilikuwa na nakshi nyingi kuliko pazia la kanisa. Oleta alishika mkono wa Treva, akaanza kucheka bila sauti, mabega yakitikisika. Kisha mabega yakatulia.

"Treva. Kifuani ana nini?"

Treva alikuwa ameshaliona. Lilikuwa ua jeupe.

"Labda yule wa Florida amefariki," Oleta alisema polepole. "Maskini. Na hakuna aliyetuambia."

"Hajafa, Mama. Wiki iliyopita kaweka picha mtandaoni. Yuko na kasuku begani."

Oleta alirekebisha mrija wa hewa puani ingawa ulikuwa umekaa vizuri. Nyimbo nne au tano zikapita, za barabara, za pombe, za mwanamke aliyeondoka na mwingine aliyekataa kuondoka. Oleta hakutikisa kichwa hata kwa mmoja. Alikuwa anasubiri wake.

Hatimaye bendi ikatoka, taa zikapungua, Garlan akaachwa peke yake na gitaa. Bettina akafungua pakiti.

"Huu unaofuata mnaujua," Garlan alisema, na watu wakaguna kwa mapenzi. "Nataka niwaambie ulikotoka."

Kucha za Oleta zikaingia kwenye kiganja cha Treva.

"Nilikuwa kijana mhuni. Narudi nyumbani wakati hata paka wamelala. Na kila siku, kila siku jamani, mama yangu alikuwa ameniachia sahani juu ya jiko, kaifunika kwa kitambaa cha buluu. Halafu nikigusa tu mlango, nasikia kutoka chumbani..." Akabana pua, akatoa sauti nyembamba ya kukwaruza: "'Futa miguu!'"

Watu wakaangua kicheko. Ilikuwa sauti ya Oleta, haikukosea hata kidogo. Hata Oleta mwenyewe alitabasamu, macho yanang'aa, anangoja jina.

"Alikuwa mwanamke maskini, na hakujua kusema nakupenda. Lugha yake ilikuwa maharage. Nilipokwenda Nashville, nilimwambia nitarudi Krismasi. Nikawa naimba kwenye baa moja, watu watatu na mbwa, simu ikalia. Mama kaenda. Nikafika nyumbani mazishi yameisha. Naingia jikoni, na nakuapieni, juu ya jiko palikuwa na sahani. Imefunikwa."

Ukumbi mzima ulivuta kamasi kwa pamoja. Bettina alikuwa analia waziwazi. Treva alimgeukia mama yake. Tabasamu lilikuwa bado liko usoni pa Oleta, limesahauliwa pale kama taa ya barazani mchana.

"Leo ni siku yao," Garlan alisema. "Kama una ua jeupe, simama. Simama kwa ajili ya mama yako, nami nisimame kwa ajili ya wangu."

Watu wakaanza kuinuka kila upande. Na Oleta Napier, aliyeshindwa na ngazi za kanisani, akashika mikono ya kiti chake cha magurudumu na kujiinua.

"Mama, kaa!"

"Nina mama aliyekufa," Oleta alisema kwa taabu. "Nina haki yangu kama wengine."

Akasimama. Kimo chake hakikuwa kikubwa, lakini alikuwa safu ya mbele, ana mrija puani, na taa iliyokuwa ikizunguka juu ya watu ikamfikia, ikapenda, ikabaki. Garlan akatazama ilikotua taa.

Treva alimwona anaona. Hakuna aliyehitaji kumwambia. Zamani, Oleta akiuliza nani amemaliza pai ya tufaha, Garlan alichukua gitaa na kuanza kukaza uzi ambao haukuwa na shida yoyote. Ndivyo walivyojua ni yeye. Sasa mbele ya maelfu ya watu mkono wake wa kushoto ulipanda hadi kwenye kichwa cha gitaa, ukaushika uzi mwembamba, ukakaza, ukalegeza, ukakaza tena. Uzi haukuwa na shida yoyote.

Kwa muda ule palikuwa na nafasi ya kusema jina. Jina lenyewe lina silabi tatu.

"Jamani," Garlan alisema, na sauti yake ilikuwa tamu kabisa, "mmemwona bibi yule pale mbele? Na mtungi wake wa hewa, lakini kasimama kwa ajili ya mama yake. Hiyo ndiyo Kentucky! Mpigieni makofi!"

Wakampigia. Yalikuwa makofi ambayo Oleta hakuwahi kuyapata maishani, na hayatapatikana tena. Watu walipiga miluzi. Mtu mmoja nyuma alipaza sauti, "Tunakupenda, bibi!"

Treva akasimama, akajaza kifua. "Gar..."

Mkono wa mama yake ulimrudisha chini kwa nguvu asizotakiwa kuwa nazo.

"Keti. Usinifufue mbele za watu."

"Mama, anadanganya! Anakuangalia kabisa na anadanganya!"

"Nimesema keti." Oleta naye akajiachia kwenye kiti chake, anahema. "Wameshalia wote hawa. Utawarudishiaje machozi yao?"

Bettina aliinama, pua nyekundu, kachanganyikiwa. "Bibi, si ulisema sahani ile..."

"Nilikuwa nakutania, mwanangu. Sisi wazee tuna utani wa ovyo."

"Aah!" Bettina akashusha pumzi, akampa karatasi. "Maana nilishangaa. Yule marehemu wake, kwa kweli alikuwa mtakatifu."

"Hata mimi nimemwonea wivu," Oleta alisema.

Wimbo ukaanza. Midomo ya Oleta ilifuata ubeti wa kwanza, jiko na kitambaa. Ikafuata wa pili, taa na miguu. Gitaa lilipopanda kuelekea wa tatu, akamgusa Treva begani.

"Nitoe. Tumefika."

Treva alisukuma kiti kwenye mteremko wa katikati, kati ya watu wenye maua meupe waliompisha kwa heshima kubwa. Wengine walimgusa mkono. Mlango ulifungwa nyuma yao na kuukata wimbo.

Ukumbi wa nje ulinuka bisi na sakafu iliyopigwa deki. Mwanamke mmoja wa wafanyakazi wa Garlan, mtu mzima mwenye kitambulisho shingoni, akaja mbio akiwa na bahasha bapa.

"Bibi! Bibi, usiondoke bila zawadi yako. Ni kwa yule anayepigiwa makofi. Kila mji huwa na mmoja."

Ndani yake ilikuwa picha ya Garlan, koti lile lile, jino jipya. Ilikuwa imeshatiwa sahihi, kwa wino mweusi: *Mama yako angejivunia. Garlan.*

"Kila mji mmoja," Treva alirudia. "Sikiliza, dada. Mwambie huyo Garlan wako..."

"Mwambie asante," Oleta alimkatiza. "Na mwambie afute miguu."

Yule mwanamke akacheka kwa furaha, akapiga kofi moja. "Hilo ni la kwenye wimbo!"

"Ndiyo," Oleta alisema. "Ni la kwenye wimbo."

Garini alichukua muda mrefu kupata pumzi. Aliiweka ile picha mapajani, akaitazama, akafungua mkoba, akatoa kitambaa cha miraba ya buluu, akaifunika uso. Akazilainisha pembe kwa vidole, zote nne, kama alivyozoea.

Nje kulikuwa bado na jua, watu wamekaa kwenye nyasi na watoto wao na kuku wa kukaanga kwenye ndoo za karatasi. Treva aliendesha hadi mji ukaisha na milima ikaanza kusogea, akashindwa kuendelea kunyamaza.

"Lile paja lilikuwa langu."

"Paja gani?"

"La kuku. La kwenye sahani. Kila siku ulikuwa ukinipa shingo na mgongo, halafu paja langu unamfunikia yeye."

"Najua."

"Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa napika mimi, Treva, ningekosaje kujua?" Oleta alitazama dirishani. "Nilisema wewe una mama, basi yeye awe na kuku. Nikadhani hapo mmelingana." Akakohoa, akasubiri kikohozi kimalize. "Nilikosea. Sasa kachukua vyote viwili."

Ua jekundu kifuani mwa Treva lilikuwa limeanza kulegea kwenye pini, likigonga usukani kila alipokata kona. Aliwasha redio ili pasiwe kimya, ingawa alipaswa kufikiri kwanza, kwa sababu Siku ya Mama hakuna stesheni milimani inayopiga kitu kingine. Gitaa lilikuwa limeshapita jiko. Lilikuwa limeshapita taa na miguu, na sasa lilikuwa linapanda.

Treva akapeleka mkono haraka kwenye kitufe. Mkono wa mama yake ulikuwa umetangulia, umekifunika.

"Acha," Oleta alisema, akaegemeza kichwa kwenye kiti na kufumba macho. "Leo nataka kusikia wamenizika wapi."